Nimeachiwa Juki DDL-8700 ya rafiki yangu marehemu: nianzie wapi?

Uzi Mwekundu
Habari za kazi, mafundi. Shemeji, mke wa marehemu rafiki yangu, ameniachia mashine ya kushonea ya mumewe: Juki DDL-8700 na meza yake, mota ya klachi chini, droo imejaa sindano, bobini na miguu ya kila aina. Ilikaa miezi kama kumi bila kuwashwa, ikaletwa kwa kirikuu. Mimi nimezoea Butterfly ya kukanyaga, nashona magauni ya vitenge na blauzi za shifoni. Mwenzangu alikuwa wa sare za shule na makoti ya kazi. Nimeiwasha mara moja tu: ikaondoka mbio, uzi ukajisokota chini, sindano ikavunjika. Nikazima. Nifanye nini kabla ya kuiwasha tena? Inakula sindano gani? Na kasi hii inapunguzwaje?

Fundi wa Kona
Pole kwa msiba. Usiwashe, anza na oili.

Chomoa waya kwenye soketi. Mota ya klachi (huzunguka muda wote ikiwashwa, pedali ndiyo huiunganisha na mashine) ukiizima huendelea kuzunguka kwa muda, kwa hiyo ukishazima kanyaga pedali hadi isimame kabisa ndipo upeleke kidole karibu na sindano. Hilo ni la kila siku, si la leo tu.

Laza kichwa kwa nyuma, chini utaona karai la oili. Butterfly unaitilia matone kwenye vitundu. Hii ina pampu inayochota karaini na kurusha juu. Ikisafirishwa bila kumwagwa kwanza, oili huishia njiani, na ile kidogo inayobaki ikishikana na vumbi la nyuzi inakuwa kama gundi. Toa yote, futa karai kwa kitambaa kisichoacha manyoya, safisha wavu wa pampu. Jaza oili ya cherehani, ile nyepesi isiyo na rangi, hadi mstari ulioandikwa HIGH, usiupite. Ikishuka hadi LOW, ongeza. Oili ya gari ni nzito mno, ya kupikia huganda. Zote mbili sumu kwa mashine hii.

Kisha toa uzi, inua mguu (ukiuacha chini bila kitambaa, meno ya kusukuma kitambaa yataukwangua), zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako. Ikizunguka laini, washa, iendeshe dakika kumi kwa kasi ya kati ukiangalia kile kidirisha juu ya kichwa. Uone oili ikirukaruka ndani. Usipoiona, zima papo hapo: ile ndoano ya chini huzunguka mara mbili kwa kila mshono mmoja, na ikikauka hung'ang'ana. Kitambaa cha kwanza utakachoshona kitapata madoa, basi anza na makapi.

Mama Vifungo
Sindano. Ya Butterfly ina shina lenye ubapa, ya Juki hii ina shina la duara lisilo na ubapa, na hapo ndipo wengi wanapoivunja. Inayotakiwa ni DB×1. Iingize hadi igote juu, ule mfereji mrefu uangalie kushoto na lile bonde fupi juu ya tundu liangalie kulia sawasawa. Uzi unaingia kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye Butterfly mkono wako umezoea kulia kwenda kushoto, kwa hiyo utakosea mara nyingi wiki ya kwanza. Ukikosea, mshono unaruka au uzi unakatika.

Namba: 9 au 11 kwa shifoni, 14 kwa kitenge na tetroni, 16 hadi 18 kwa jinzi.

Kujisokota chini mwanzoni mwa mshono si ugonjwa. Shika nyuzi zote mbili, wa juu na wa bobini, nyuma ya mguu hadi mishono mitatu minne ipite. Bobini usiijaze pomoni, asilimia 80 inatosha. Sindano ilikuvunjikia mashine ikizunguka, kwa hiyo pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano. Ukikwama mahali, kuna mkwaruzo. Ulainishe kwa msasa mwembamba kabisa, la sivyo uzi utakatika siku zote nawe utalaumu uzi.

Puli Ndogo
Kasi: soma kibati cha mota. Kwanza hakikisha ni fezi moja, 220 V. Ya fezi tatu ukiichomeka nyumbani itanguruma tu. Ya fezi moja inayonguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita (ya kuianzisha mota) imekufa. Halafu pima kipenyo cha puli ya mota na cha mfereji wa mkanda kwenye gurudumu. Mizunguko ya mota zidisha kwa puli, gawa kwa gurudumu, utapata mishono kwa dakika. Lete namba.

Uzi Mwekundu
Fezi moja, 2,850 kwa dakika. Puli 90 mm, gurudumu 70 mm. Oili nimebadilisha, kidirishani inaruka.

Puli Ndogo
Basi unapata kama 3,660 kwa dakika ukikanyaga hadi mwisho. Mashine yenyewe inavumilia hadi 5,500, asiyevumilia ni wewe. Weka puli ya 50 mm, utashuka hadi 2,030 hivi, na nguvu ya kupenya kitambaa kinene inaongezeka, haipungui. Mkanda utalegea, kwa hiyo shusha mota kwenye boliti zake au nunua mkanda mfupi zaidi. Ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie sentimita moja na nusu. Wengine watakwambia tupa klachi ufunge mota ya servo, inayozunguka ukikanyaga tu. Ni kimya, na umeme inakula kidogo, lakini puli ni bei ya chai.

Fundi wa Kona
Servo si anasa kwa anayeshona shifoni, Puli. Klachi hata kwa puli ndogo inataka mguu uliozoea. Lakini sawa, aanze na puli.

Kamba Mbili
Hakuna aliyegusa jambo moja: mashine hii bado imewekwa kwa kazi ya marehemu. Sare na makoti maana yake meno makubwa, bamba la chini ya sindano lenye tundu pana, skrubu ya juu inayokandamiza mguu imekazwa, tensheni (mkazo wa uzi) ya uzi mnene. Shifoni itamezwa na tundu hilo hata sindano ikiwa sahihi. Usilegeze chochote kabla hujapiga picha na kuandika namba ya kila kitu, kazi nzito ikija utarudi hapo.

Kisha tafuta ndani ya droo ile. Fundi wa sare aliyekuwa na miguu ya kila aina huenda pia alikuwa na bamba la tundu dogo na meno membamba. Yabadilishe pamoja, maana hayachanganywi. Legeza skrubu ya mguu hadi kitambaa kisiache alama. Hatua (urefu wa mshono) weka 2 hadi 2.5, ukitoka namba kubwa kwenda ndogo, shusha wenzo wa kurudisha nyuma huku ukizungusha, usilazimishe. Tensheni anza chini: ning'iniza kesi ya bobini (kikombe kinachoishika) kwa uzi wake, ukitikisa kidogo ishuke taratibu. Ikianguka yenyewe, kaza skrubu robo mzunguko. Ukimaliza chini ndipo uguse ya juu.

Tazama pia tundu la kushikia sindano. Kama lilichongwa kwa DP×5, ambayo shina lake ni nene, karibu 2 mm, basi DB×1 ya 1.62 mm itakaa upande na mshono utaruka hata ufanye nini.

Uzi Mwekundu
Kamba, ndivyo ilivyo. Droo imejaa DP×5, na DB×1 niliyonunua jana inachezacheza tunduni. Nimeweka DP×5 namba 11, bamba dogo lilikuwa limefungwa kwenye gazeti pamoja na meno yake. Shifoni imepita bila kuruka. Puli naifuata kesho.

Mama Vifungo
Hizo za droo zikague ncha kwanza. Zilizoshona makoti zitakuchania shifoni.