Mrejesho: ukijani na kuvu ukuta wa nje, Tanga

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuondoa ukijani na madoa meusi ya kuvu upande wa nyumba unaofunikwa na mwembe, na sasa ukuta umetakata.

Mashine ya presha niliiacha kama mlivyoshauri, maana lipu yetu ni ya zamani na ingebanduka. Nilichanganya jiki sehemu 1 na maji sehemu 3, nikatia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike ukutani, nikapulizia kwa pampu ya shambani kuanzia chini kwenda juu. Ukiacha kama dakika 10 hivi, ukijani unageuka kahawia, halafu mweupe. Hapo sugua taratibu kwa brashi laini na usuuze kwa maji mengi kabla dawa haijakaukia ukutani. Maua ya mama niliyamwagia maji kwanza na baadaye, na yote yapo salama.

Tafadhalini sana, msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu. Vaeni glavu na miwani.

Chanzo kikubwa kilikuwa gata: kiungo kimeachia, maji ya mvua yanachirizika palepale penye weusi mzito. Fundi ameshaziba, na matawi ya mwembe tumepunguza jua lipenye. Rangi nitapaka masika yakiisha, ukuta ukikauka vizuri.