Bei mnatupandishia kila wiki, halafu usiku chakula kizima mnakimwagia dawa na kukitupa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na sitaki kujifanya sina.

Jana jioni nilirudisha vitu kwa keshia, na si mara ya kwanza mwaka huu. Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani tangu rafu ya kwanza nikajua pesa inatosha, kumbe bei zilizobandikwa kwenye rafu ni za zamani na mashine ya keshia inasoma mpya. Foleni imesimama nyuma yangu, mtoto ananitazama, nami nachagua kipi kibaki. Nikachukua maziwa, mafuta ya kupikia nikayaacha.

Nikatoka na kukata kona ya nyuma ya jengo, ndiyo njia yangu ya mkato. Pale nyuma vijana wawili wa stoo walikuwa wanachana pakiti za mkate moja baada ya nyingine na kumwaga mkate kwenye pipa. Wakimaliza kreti moja, mmoja anamimina dawa ya kusafishia sakafu juu yake. Kreti ya mtindi ilikuwa pembeni ikingoja zamu yake. Nikaokota karatasi moja ya mkate nikasoma tarehe: ni ya siku ileile! Mkate ambao nusu saa kabla ulikuwa ndani ukiuzwa kwa bei kamili, bila hata stika ya punguzo, sasa umelowa dawa ili mtu yeyote asiweze kuula.

Nikauliza kwa nini. Kijana mmoja akanijibu bila kuinua uso: "Kaka, sisi tumeagizwa. Tukionekana tunabeba hata mmoja kwenda nao nyumbani, kazi hatuna."

Hao vijana siwalaumu na naomba asije mtu kuwatukana hapa. Mshahara wao naujua bila kuambiwa, na wanarudi nyumbani wakipishana na bei zilezile zinazonipiga mimi. Anayeagiza dawa imwagwe juu ya chakula ndiye ninayemtaka.

Leo asubuhi nikarudi kumwona meneja. Nilimsalimia vizuri, nikamuuliza vizuri. Akanipa sababu mbili. Kwanza, mtu akila akaumwa atawashitaki. Pili, wakishusha bei kila jioni, wateja wataacha kununua mchana wawe wanangoja jioni. Jina la duka silitaji kwa sababu sidhani kama ni la kwake peke yake. Sababu hizo hizo utazisikia popote.

Sasa tuzichukue moja moja.

Hiyo ya kushitakiwa ina majibu ya miaka mingi. Marekani walipitisha sheria mwaka 1996 ya kumlinda anayetoa chakula kwa nia njema kupitia mashirika ya misaada, ili asibebeshwe kesi kirahisi. Ufaransa wakaenda mbele zaidi mwaka 2016: supamaketi yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400 inatakiwa kuwa na mkataba na shirika la hisani la kupokea chakula kinachobaki, na kukiharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa ni kosa lenye faini. Kumwagia dawa, kile kitendo nilichokiona mimi, kule ndicho kilichopigwa marufuku. Na sheria ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilisukumwa na watu, akiwemo diwani mmoja wa Courbevoie, Arash Derambarsh, ambaye ombi lake lilikusanya saini zaidi ya 200,000. Italia nao wakaja na yao mwaka huohuo, wakarahisisha taratibu za kutoa msaada badala ya kuweka adhabu. Kwa hiyo meneja anaposema "haiwezekani", anamaanisha hajalazimishwa.

Na hizi tarehe! Hapa ndipo tunapochezewa akili kuliko mahali pengine popote, na wengi wetu tunajichezea wenyewe. Kuna tarehe za aina mbili na hazifanani hata kidogo. Kuna ile inayosema chakula kitumike kabla ya siku fulani kwa ajili ya usalama: nyama mbichi, samaki, vitu vinavyooza haraka. Hiyo iheshimuni, msile kilichopitisha siku hata kama hakinuki, kwa sababu vimelea vingine havitoi harufu. Halafu kuna ile ya "bora kabla ya". Hiyo inazungumzia ubora tu: ladha, ukavu, rangi. Mtengenezaji anakuambia hadi siku hii nakuhakikishia kitakuwa katika hali nzuri kabisa. Hajasema kesho yake kinageuka sumu. Mchele, unga, biskuti, vitu vya kopo visivyovimba wala kutoboka, vinaweza kukaa vizuri baada ya hiyo tarehe kama vilihifadhiwa pakavu. Na huko Marekani sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe kwenye vyakula, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nyingi ya tarehe zilizobaki huwekwa kwa uamuzi wa kiwanda. Lakini dukani zote zinasomwa kama hukumu ya kifo, na pakiti inang'olewa kwenye rafu hata siku kadhaa kabla haijafika.

Sababu ya pili ya meneja ndiyo iliyonichefua zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Wanaogopa tutazoea bei ya chini. Kwa hiyo ni afadhali mkate uharibiwe kuliko mimi niununue nusu bei saa mbili usiku. Hesabu yao wameifanya: rafu tupu inamkimbiza mteja, basi rafu lazima iwe imejaa hadi dakika ya kufunga, na kwenye rafu iliyojaa hadi dakika ya kufunga lazima kitu kibaki. Kilichobaki wanajua mapema kuwa kitabaki. Hasara yake haitoki mfukoni mwao, inaingizwa kwenye bei ya kile kilichouzwa. Maana yake mimi niliyeacha mafuta kwa keshia nimeshalipia kipande cha ule mkate uliomwagiwa dawa. Umenielewa hapo? Tunalipia chakula chetu na tunalipia cha pipani.

Kwenye mkate kuna ubaya mwingine. Mikataba mingi humtaka mwokaji arudishiwe kisichouzwa kwa hasara yake mwenyewe. Duka likijua hasara si yake, litaagiza mia pale ambapo sabini ingetosha. Mkulima naye analia upande wake: mboga imepinda, tunda lina doa, linakataliwa kabla halijaona mlango wa duka. Umoja wa Ulaya uliwahi kuwa na kanuni za umbo hata la tango, nyingi ya kanuni hizo zikafutwa mwaka 2009, lakini maduka yaliendelea kuweka vipimo vyao wenyewe.

Kwa wanaofikiri nakuza jambo: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwenye ripoti yake ya 2024 lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya chakula chote kilichokuwa kimeshafika kwa wauzaji na walaji. Hapo hujahesabu kile kinachopotea baada ya mavuno kabla ya kufika dukani, ambacho FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inakiweka kwenye asilimia 13 hivi. Na ni mwaka huohuo wa 2022, mwezi Machi, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ambapo kipimo cha FAO cha bei za vyakula duniani kilifika juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Mwaka watu walipokuwa wanapunguza milo ndio mwaka tulitupa kiasi hicho.

Kipimo kile baadaye kilishuka. Wewe uliona nini kikishuka dukani kwako? Hata wakitangaza kwamba mfumuko wa bei umepungua, msidanganyike: bei haijashuka, imepunguza tu kasi ya kupanda. Kilichopanda kimebaki huko juu. Na vingine havikupandishwa bei, vilipunguzwa ujazo. Pakiti ni ileile, rangi ileile, gramu ndizo zimeyeyuka. Acheni kutazama bei ya pakiti, tazameni bei kwa kilo au kwa lita, na kama duka haliiandiki, toeni simu mgawanye wenyewe palepale.

Nyumbani kwangu tumeshabana kila panapobanika. Siendi dukani bila orodha, na siendi na njaa. Kilichonunuliwa mapema kinakaa mbele kwenye friji, kipya nyuma. Mkate ukikaribia kuchacha unaingia friza vipande vipande. Mabua ya mboga tuliyokuwa tunatupa sasa yanachemshwa kuwa supu. Chakula cha jana kinawekwa kwenye friji mapema badala ya kulala mezani, kinakuwa cha mchana wa leo. Hayo yote nayafanya na yanasaidia kweli. Lakini nimechoka kuona kila ushauri wa "namna ya kukabiliana na bei" unaishia jikoni kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyeagiza mikate mia.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Kuna mkuu ameleta takwimu kwamba kwenye ripoti hiyohiyo ya UNEP, majumbani ndiko kunakotupwa chakula kingi zaidi, asilimia 60, na wauzaji ni 12 tu. Takwimu ni sahihi, nazikubali. Lakini asilimia 12 ya hizo tani ni kama tani milioni 131, kwa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo "tu"? Tena majumbani tuko mabilioni, kila mmoja na kabichi yake iliyosahaulika chini ya friji, kutubadilisha wote ni kazi ya miaka. Maduka yanayoamua rafu zijae kiasi gani yana makao makuu, yana meza moja ya kikao.

Na tuulizane, hicho cha majumbani kilifikaje? Kuna vitu havipimwi rejareja, lazima uchukue mfuko mkubwa hata kama unaishi peke yako. Kuna ofa za nunua viwili upate cha tatu kwenye vitu vinavyooza baada ya siku nne. Mwaka 2013 Tesco ya Uingereza ilifuatilia bidhaa zake ikakuta asilimia 68 ya saladi za pakiti zinaishia kutupwa, nyingine kabla ya kumfikia mteja, nyingine jikoni kwake. Ikatangaza yenyewe kwamba itaacha ofa za namna hiyo kwenye pakiti kubwa za saladi. Hapo mwenye duka alikiri kuwa ofa yake inahamishia taka nyumbani kwa mteja.

Aliyeandika kwamba maskini wasipewe "makombo" nami nakujibu. Huo mkate haukuwa makombo. Nusu saa kabla nilikuwa nadaiwa bei kamili kwa ajili yake.

Ninachotaka si kingi. Kinachokaribia tarehe kishushwe bei mapema, asubuhi, siyo dakika kumi kabla ya kufunga. Kisichouzwa kikabidhiwe kituo cha watoto, cha wazee, jiko la jamii, mtu yeyote aliye tayari kukifuata jioni ileile. Wafanyakazi waruhusiwe kubeba, kwa kuandikishwa kama wanaogopa wizi. Na dawa isimwagwe juu ya chakula cha binadamu, kamwe.

Meneja niliyemwona leo nimemwachia namba ya kituo kimoja cha watoto kilicho tayari kutuma mtu na kreti zake kila jioni. Ameniambia lazima aulize juu. Nitarudi kwake Ijumaa.

Mliowahi kufanya kazi stoo, nawaomba mseme hapa bila kutaja majina: hiyo amri ya kumwagia dawa huwa inaandikwa mahali, au inasemwa kwa mdomo tu? Na ikisemwa, inatoka kwa nani?