Naombeni ushauri: kura yangu ndiyo itakayoamua karipio, na kamati yetu imegawanyika pande tatu

Mjumbe wa Mtaa:

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Nimeishi Texas kwa miaka 19, ni raia, na tangu mwaka jana ni mwenyekiti wa eneo langu la kupigia kura katika chama cha Republican. Kwa waliokulia Tanzania, cheo hiki ningekilinganisha na ubalozi wa nyumba kumi: hakina mshahara, kina simu nyingi, na kina kura moja tu katika kamati tendaji ya kaunti. Kura hiyo moja ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi la jimbo alikuwa miongoni mwa Warepublican 36 ambao, Januari 2025, waliungana na Wademokrati 49 kumchagua Dustin Burrows kuwa Spika, ilhali wenzao walio wengi walimtaka David Cook. Sasa imeletwa hoja ya kumkaripia rasmi kwa Kanuni ya 44 ya chama, ambayo inadai makosa matatu dhidi ya misingi yetu na theluthi mbili ya kura za waliohudhuria. Mkutano mkuu wa jimbo wa 2024 uliiongezea kanuni hiyo makali, kwa hiyo anayekaripiwa anaweza hata kuzuiwa kugombea katika kura za mchujo za chama. Mikutano yetu huhudhuriwa na watu 18. Wanaotaka karipio ni 11, wasiotaka ni 6, na wa kumi na nane ni mimi.

Upande wa kwanza ni watu wa kanisa, ambao kwao uhai wa mtoto aliye tumboni na malezi ya shuleni ndiyo sababu ya kuwa katika chama. Upande wa pili ni wafanyabiashara na wakulima wakubwa, wanaolalamikia kodi ya ardhi na majengo na wanaoogopa ushuru wa forodha. Upande wa tatu ni waliokuja na Donald Trump, ambao wanataka mpaka ufungwe na hawawaamini viongozi wa zamani hata kidogo. Katika mkutano uliopita mzee mmoja, aliyeingia katika kamati enzi za Reagan, alisimama kusoma barua ya kumtetea mwakilishi. Kabla hajafika ukurasa wa pili, safu nzima ya nyuma iligeuza viti vyake vya kukunja na kumpa mgongo. Mzee aliikunja barua ile mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akaketi. Nilikuwa naye jirani, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Kwa imani yangu niko na watu wa kanisa, ila sitaki kuona kamati ikivunjika mikononi mwangu. Nifanye nini?

Mama Neema:

Kaka, pole sana. Kabla ya kufikiria upige kura gani, fikiria kura ipigwe lini. Hoja ya kuahirisha jambo hadi tarehe maalumu haihitaji theluthi mbili. Inapita kwa wingi wa kawaida, na kwa hesabu yako unahitaji watu 10. Wasiotaka karipio ni 6, wewe wa saba, kwa hiyo unatafuta watatu tu kutoka kwa wale 11. Usiwaombe wabadili msimamo wao juu ya mwakilishi, maana hilo hawatalikubali na watakuona umetumwa. Waombe jambo moja, kwamba aitwe, aketi mbele yao, aulizwe shtaka moja baada ya jingine. Mtu mwenye haki moyoni ni vigumu kumnyima mwenzake nafasi ya kujieleza. Na hao watatu waendee nyumbani kwao, usiwaandikie ujumbe wa simu.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mjumbe, mgawanyiko unaoueleza una umri mkubwa kuliko kamati yenu. Jarida la kihafidhina la National Review lilipoanzishwa mwaka 1955, watetezi wa soko huria na watetezi wa mapokeo ya dini walikuwa wakitiliana shaka waziwazi. Frank Meyer, aliyewahi kuwa mkomunisti, alijaribu kuwaweka chini ya paa moja kwa hoja kwamba kazi ya siasa ni kulinda uhuru, na kazi ya mtu mwenyewe, kanisa na familia ni kuutumia uhuru huo kwa wema, kwa kuwa wema wa kulazimishwa si wema. Hoja hiyo haikumridhisha kila mtu. Kilichowashikilia pamoja, kwa maoni yangu, kilikuwa hofu ya ukomunisti, na baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka mwaka 1991 nyufa zile zikaonekana upya.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni mkutano mkuu wa chama wa Kansas City wa mwaka 1976, uliomteua mgombea urais. Gerald Ford alimshinda Ronald Reagan kwa kura 1,187 dhidi ya 1,070, ushindi mwembamba kabisa kwa rais aliye madarakani. Hata hivyo, wafuasi wa Reagan walipotaka ilani iwe na kifungu kilichokosoa sera ya nje ya Ford mwenyewe, Ford alikubali kiingie, kisha usiku wa mwisho akamwita Reagan jukwaani aseme na wajumbe. Ford alishindwa na Jimmy Carter wa Democratic katika uchaguzi wa Novemba ile, lakini walioshindwa Kansas City hawakuondoka chamani. Miaka minne baadaye Reagan naye alimchukua George Bush kuwa mgombea mwenza, mtu aliyekuwa ameudhihaki mpango wake wa uchumi. Angalieni ni kitu gani kinaweza kuandikwa katika maazimio yenu ambacho upande utakaoshindwa utaweza kukipeleka nyumbani ukiwa na heshima yake.

Msimamo Imara:

Naheshimu waliotangulia, lakini sikubaliani nao. Kuridhiana kwa kuogopa kelele ndiko kulikomponza Kevin McCarthy. Januari 2023 alihitaji duru 15 kupata uspika wa Baraza la Wawakilishi la taifa, na ili aupate alikubali kwamba mbunge mmoja peke yake aweze kuleta hoja ya kumwondoa. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule aliondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210, Warepublican 8 wakiwa upande wa walioshinda, na chama kikakaa majuma matatu bila Spika. Mjumbe, kama unaamini kwamba mwakilishi alivunja ahadi aliyowapa wapiga kura, piga kura ya ndiyo. Chama kisichoweza kumkaripia mtu wake kina misingi gani ya kulinda?

Mjumbe wa Mtaa:

Nawashukuru nyote. Ndugu Msimamo Imara, swali lako limenisumbua siku mbili, nami nimerudi kuyasoma yale mashtaka matatu upya. La Spika ni kweli, na simtetei. La pili ni kuunga mkono kanuni za Baraza zilizowaachia Wademokrati nafasi za makamu wenyeviti wa kamati, nalo pia ni kweli. Lakini la tatu linahusu kura ambayo hata waliolileta hawakubaliani ilihusu nini, na kanuni inadai matatu, si mawili na nusu. Siwezi kumzuia mtu kugombea kwa shtaka nisiloweza kumweleza mke wangu likaeleweka.

Jana jioni nilikwenda kwa mama mmoja wa upande wa kanisa, nikafuata ushauri wa Mama Neema bila kuongeza neno. Alininywesha chai, akanisikiliza, akaniuliza kama mwakilishi atakuja bila wapambe wake. Nikampigia simu mwakilishi pale pale mezani, akasema atakuja peke yake. Mama yule amekubali kuahirisha, na mkulima mmoja niliyemfuata leo asubuhi amekubali pia. Wa tatu hajanijibu, na mkutano ni Alhamisi.

Kuhusu alilosema Mwalimu, nimeandika rasimu ya azimio fupi linaloitaka kamati iwaulize wagombea wote, kwa maandishi na kabla ya mchujo, kama wataheshimu uamuzi wa wawakilishi wenzao wa chama katika kumchagua Spika. Nadhani watu wa safu ya nyuma wataliunga mkono, kwa sababu ndilo dai lao lenyewe. Nimemwomba mzee wa barua alisome kwanza, naye amesahihisha sentensi mbili kwa kalamu.

Wa tatu asipopatikana, nitapiga kura ya hapana, na sababu nitaisema mwenyewe nikiwa nimesimama, hata wakigeuza viti.