Mrejesho: Mama na vipimo vya moyo

Asanteni sana wote mlionijibu. Niliuliza kwa nini daktari anataka mama (miaka 63, ana kisukari, kiwango cha figo kuchuja damu, eGFR, ni 38) apimwe moyo wakati tatizo ni figo. Niliona tunaongezewa gharama tu. Nilikosea.

Daktari alitueleza taratibu: uchujaji ukishuka chini ya 60, au protini ikivuja kwenye mkojo, hatari ya moyo na kiharusi inapanda, na wengi hufariki kwa moyo kabla hata ya kufikia kusafishwa damu. Mkojo wa mama ulikutwa na albumini nyingi, ndiyo hiyo protini. Miaka minne ya kliniki ya sukari hatukuwahi kuombwa kile kikopo cha mkojo. Hilo limeniuma.

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha ukuta wa chumba cha kushoto umenenepa kwa presha ya muda mrefu, ila moyo unasukuma damu vizuri. Ameanzishiwa dawa ya kolesteroli, na ya presha imeongezwa. Jana asubuhi ilikuwa 134 kwa 82, akaiandika mwenyewe kwenye daftari. Chumvi ya mezani nimeiondoa. Analalamika, lakini anakula. Baada ya wiki 2 tunarudi kupima potasiamu.