Naombeni ushauri: nihamishe familia Dar es Salaam au tubaki Mombasa?

Baba Zuhura, Kisauni

Assalaam alaykum wadau, na wengine hamjambo. Niko kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Wamefungua ofisi Dar na wanataka nikaisimamie, mkataba wa miaka 2. Mshahara wanaonipa, nikiugeuza kwa shilingi yetu, unazidi wa sasa kwa thuluthi. Mke wangu ni muuguzi hospitali ya kibinafsi. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya 5.

Hapa nimechoka. Mshahara ukiingia, kuna asilimia 2.75 ya SHA, yaani bima ya afya, 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu, kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, halafu maji ya mfereji yanakuja yakitaka, na siku nyingine zote tunanunua ya mkokoteni. Lakini wenzangu kazini wananiambia kwenda Tanzania ni kurudi nyuma. Kweli Benki ya Dunia ilituweka kipato cha kati mwaka 2015, na Tanzania ikaingia 2020. Mimi nataka kujua maisha yenyewe: nyumba, shule, matibabu, usafiri. Walioishi pande zote mbili nisaidieni.

Mpwani wa Temeke

Karibu ndugu yangu. Mimi ni wa Likoni, naishi huku Dar. Kabla ya yote uliza habari ya kodi ya nyumba. Mombasa unalipa mwezi kwa mwezi na amana yako. Huku wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 kwa mpigo, wengine mwaka mzima, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hizo pesa azitoe mwajiri, na iandikwe kwenye mkataba.

Ukifika, tafuta nyumba karibu na bandari, Chang'ombe au Mtoni. Kigamboni pia ni karibu tangu daraja lifunguliwe 2016, ila la kulipia. Foleni za Dar zinakula saa za mtu. Mabasi ya mwendokasi yamesaidia watu wa Kimara, lakini asubuhi unasimama mlangoni umebanwa.

Chakula hapo utashukuru. Mchele, vitunguu, matunda, vyote bei yake inavumilika. Machungwa mnayonunua soko la Kongowea mengi yanatoka Muheza.

Mama Pacha, Tudor

Baba Zuhura, umetaja mshahara wako tu. Na wa mkeo? Akienda kama mke wa mwenye kibali hana ruhusa ya kuajiriwa. Atahitaji kibali chake cha kazi, na muuguzi hashiki mgonjwa Tanzania mpaka asajiliwe na baraza lao la uuguzi na ukunga. Yote hayo yanachukua muda, na mwajiri wa kumwombea kibali lazima apatikane kwanza.

Sasa piga hesabu ya nyumba nzima. Kama mshahara wake unazidi hiyo thuluthi unayoongezewa, mtahama mkiwa na pesa chache kuliko mlizo nazo leo. Naye amesomea kazi yake, anaipenda. Kumkalisha miaka miwili bila kazi ni jambo zito, mwulize yeye kabla ya kutuuliza sisi. Na msidhani atafungua kibanda cha M-Pesa au saluni ndogo. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri kuwazuia wasio raia kufanya biashara kama hizo.

Hesabu Safi

Mama Pacha amesema kweli. Naongeza juu ya makato, kwa sababu naona unataka kuyakimbia. NSSF ya Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu inatoka kwako. Kodi ya mapato nayo inafika asilimia 30 ukipita shilingi milioni moja ya Tanzania kwa mwezi, kama elfu hamsini na kitu zetu. Waombe hesabu ya pesa inayobaki mkononi.

Uliza pia utalipwa kwa pesa gani. Mwanzo wa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 ya Kenya, miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Thuluthi uliyoipiga leo inaweza kunona au kukonda na wewe hujafanya kitu.

Mwalimu wa Changamwe

Mimi wasiwasi wangu ni mtoto wa gredi ya 5. Shule za msingi za serikali kule karibu zote zinafundisha kwa Kiswahili, halafu sekondari wanageukia Kiingereza. Za Kiingereza nyingi ni za kulipia. Kiswahili hakitamshinda mtoto wa Kisauni, lakini mkataba ukiisha atarudi amekosa mtihani wa gredi ya 6 na mwanzo wa sekondari ya chini. Mdogo hana shida, atazoea popote.

Baba Zuhura, Kisauni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimeongea na mke wangu. Mshahara wake unazidi nyongeza yangu, na hataki kuacha wodi. Je, nikitangulia peke yangu, wao wabaki hapa mpaka mkubwa amalize gredi ya 6? Kuna anayeishi hivyo?

Mpwani wa Temeke

Tupo wengi. Basi la Mombasa linapita mpakani Lunga Lunga na Horohoro, unashinda njiani siku nzima. Beba pasipoti au pasi ya muda, kitambulisho chetu hakikuvushi upande huu. Chukua chumba na sebule, usipange nyumba kubwa ya watu ambao hawapo. Na kabla ya kutia sahihi wadai mambo matatu: nauli ya kurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili, bima ya afya inayowahudumia mkeo na watoto huko Mombasa, na kibali cha kazi kitoke kabla hujaondoka. Wakikataa hilo la kibali, usipande basi.