Naomba ushauri: tumsome vipi Mircea Cărtărescu bila kukwama kwenye Solenoid?

Msomaji wa Jioni
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha usomaji kimekubaliana kumsoma Mircea Cărtărescu wa Romania kwa miezi mitatu. Wengi wetu tunasoma Kiingereza, wawili wanasoma Kifaransa vizuri. Nakala za Solenoid tunazo, lakini wenzetu wameanza kulalamika kwamba kitabu hakisogei: mara chawa, mara ndoto, mara mwalimu asiye na jina, kisha ghafla habari za mwanahisabati wa karne ya 19. Wajuzi nisaidieni. Tuanze na kitabu kipi? Tugawe vipi kurasa? Na tunahitaji kujua kiasi gani cha maisha yake na cha Romania ya dikteta Ceaușescu? Halafu kuna aliyeniambia ameshinda Nobel, ni kweli?

Kalamu ya Mvule
Karibu mkuu. Nobel hajapata. Aliyeipata mwaka 2009 ni Herta Müller, mzaliwa wa Romania anayeandika kwa Kijerumani, na watu huwachanganya. Cărtărescu ana tuzo ya Formentor ya 2018, tuzo ya FIL (maonyesho ya vitabu ya Guadalajara, Mexico) ya 2022, na Dublin Literary Award ya 2024 kwa hiyo hiyo Solenoid: euro 100,000, ambapo 75,000 ni za mwandishi na 25,000 za mfasiri wake, Sean Cotter.

Sasa ushauri. Iwekeni Solenoid kando kwa wiki tatu. Ni kitabu cha mwaka 2015, kimeandikwa na mtu ambaye alikuwa ameshajenga ulimwengu wake kwa zaidi ya miaka thelathini, na hampi mgeni mkono mlangoni. Mlango wenyewe ni Nostalgia. Ndani yake mna hadithi tano: Ruletistul, Mendebilul, Gemenii, REM na Arhitectul. Kilitoka kwanza mwaka 1989 kwa jina la Visul, kikiwa kimekatwa na wakaguzi wa serikali, na Ruletistul ikaondolewa nzima. Toleo kamili ni la 1993. Kwa Kiingereza kilitafsiriwa na Julian Semilian, New Directions wakakitoa 2005, na Penguin nao wanacho kwenye mfululizo wao wa vitabu maarufu.

Wiki ya kwanza someni Ruletistul peke yake. Inamalizika kwa kikao kimoja: mtu mwenye bahati mbaya kwa kila jambo anacheza na bastola kichwani, na kila mara anaongeza risasi. Wiki ya pili someni Mendebilul na Arhitectul pamoja. Ya tatu ni REM, ndefu kuliko zote. Gemenii mwachieni anayependa, kwani mwanzo wake ni mzito na huwachosha watu kabla hawajafika panapong'aa.

Faida ya wiki hizi tatu ni kwamba mtajifunza jinsi anavyosogeza jambo. Arhitectul inaanza na mtu aliyenunua gari aina ya Dacia na kuhangaishwa na honi yake, basi. Kuanzia hapo kila hatua inafuata ile iliyotangulia kwa mantiki kamili, hadi mambo yanafika angani. Akishaelewa mwendo huo, msomaji hatashtuka Solenoid inapoanza na mwalimu anayetoa chawa kichwani.

Wa Buyenzi
Naongeza upande wa Kifaransa, maana kwetu ndiko vitabu vyake vinapatikana kwa ukamilifu zaidi. Trilojia ya Orbitor ina vitabu vitatu: Aripa stângă (1996), Corpul (2002) na Aripa dreaptă (2007), yaani bawa la kushoto, mwili na bawa la kulia. Imejengwa kama kipepeo: bawa moja ni la mama, jingine ni la baba, na hilo la baba ndilo lenye mapinduzi ya Desemba 1989 yaliyomwangusha Ceaușescu. Kwa Kifaransa zote tatu zipo kwa mchapishaji Denoël: Orbitor na L'œil en feu zimetafsiriwa na Alain Paruit, L'aile tatouée na Laure Hinckel. Angalieni majina msije mkadhani ni vitabu visivyohusiana, kwa sababu jalada la pili na la tatu halifanani kabisa na jina la kwanza. Kwa Kiingereza Cotter alitoa bawa la kushoto mwaka 2013 kwa jina la Blinding.

Solenoid ya Kifaransa ni ya Laure Hinckel pia, mchapishaji Noir sur Blanc, 2019. Wale wenzenu wawili waisome hiyo, halafu mkikutana mlinganishe aya moja moja. Kiromania na Kifaransa ni ndugu, kwa hiyo sentensi zake ndefu zinapita kwenye Kifaransa bila kuvunjwa mgongo. Cotter naye amefanya kazi kubwa: ameacha sentensi ziwe ndefu pale ambapo wafasiri wengi wangeweka nukta.

Mwalimu wa Fasihi
Nijibu suala la maisha yake, kwa kuwa hapo ndipo vikundi vingi huharibu mjadala.

Alizaliwa Bucharest tarehe 1 Juni 1956. Utoto wake mwingi aliupitisha kwenye jengo la ghorofa katika barabara ya Ștefan cel Mare, na dirisha la pale, lililotazama mji mzima hadi jengo jingine lilipoinuliwa mbele yake, linarudi kitabu baada ya kitabu. Alisoma Kitivo cha Fasihi cha Chuo Kikuu cha Bucharest, akamaliza 1980. Hadi 1989 alifundisha Kiromania kwenye shule pembezoni mwa mji. Baada ya utawala kuanguka akawa mhadhiri chuoni. Alianza kama mshairi, katika kundi lililokutana siku za Jumatatu chini ya mhakiki Nicolae Manolescu, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Faruri, vitrine, fotografii, kilitoka 1980. Kizazi hicho huitwa cha miaka ya themanini, au cha jinzi, kwa sababu walichukua mengi kutoka kwa washairi wa Marekani.

Msimulizi wa Solenoid naye anafundisha Kiromania, Shule Namba 86. Naye alikwenda kwenye kundi la waandishi akasoma shairi refu liitwalo Anguko. Hapo njia zinagawanyika. Riwayani shairi linararuliwa mbele ya watu, na kijana anaondoka akiwa amekufa kama mwandishi. Katika maisha, Cărtărescu alipokelewa na akachapisha. Riwaya nzima inachunguza yule mtu mwingine ambaye angekuwepo kama jioni ile ingekwenda vibaya. Msomaji anayesema "huyu ni mwandishi anasimulia maisha yake" anapoteza uti wa mgongo wa kitabu. Mwekeni mtu mmoja kikundini awe anaandika kwenye karatasi yenye safu mbili: lililo la kweli, na lililogeuzwa. Kufikia nusu ya kitabu karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko muhtasari wowote.

Kuhusu Ceaușescu, mambo manne yanatosha. Kwanza, amri ya 1966 iliyopiga marufuku utoaji mimba, ambayo inaeleza mengi kuhusu miili ya wanawake vitabuni mwake. Pili, tetemeko la tarehe 4 Machi 1977 lililoua zaidi ya watu 1,500, wengi wao Bucharest, na baada yake ubomoaji wa mitaa ya zamani ili kujenga ile Nyumba ya Watu, jumba kubwa la serikali. Tatu, miaka ya themanini, serikali ilipoamua kulipa deni lote la nje: umeme kukatwa, nyumba baridi, foleni za chakula. Nne, amri ya 1983 iliyotaka kila mashine ya chapa isajiliwe polisi. Someni hayo kwa saa moja, kisha funga. Mkiingia zaidi mtaanza kukisoma kama kitabu cha siasa, wakati hasira yake kubwa ni dhidi ya kifo chenyewe.

Msomaji wa Jioni
Asanteni sana, ndugu zangu. Mwalimu, hilo la njia kugawanyika limenifungua macho. Sasa nisaidieni mgawo wa kurasa. Na zile sura za wanahisabati, turuke?

Kalamu ya Mvule
Msiruke hata moja, ila msizisome kwa kasi ile ile. Mna wiki kama 13. Tatu za Nostalgia, zinabaki 10 kwa kurasa 640 hivi za tafsiri ya Kiingereza. Msigawe sawasawa. Wiki tatu za mwanzo kurasa 40 kila wiki, kwa sababu anapanda mbegu zote humo: shule, nyumba yenye umbo la meli katika mtaa wa Maica Domnului, kiti cha daktari wa meno mnarani, vitabu vya utotoni. Baada ya hapo kurasa 75 kwa wiki zinakwenda vizuri. Kituo mnachopaswa kuwa macho ni kati ya kurasa 100 na 200. Wengi huacha hapo, na wanaacha kwa sababu moja: wanangoja kisa kimoja kinachosonga mbele. Hakuna. Kuna nyuzi nyingi zinazosukwa taratibu kama mkeka, na miaa mingine inaachwa inaning'inia kurasa mia tatu kabla ya kuchukuliwa tena. Aliyezoea riwaya ya upelelezi aambiwe mapema.

Solenoidi yenyewe ni koili ya waya ambayo umeme ukipita inakuwa sumaku. Riwayani imezikwa chini ya nyumba ile, na kitanda kinaelea hewani. Ziko nyingine chini ya mji. Chukueni ramani ya Bucharest, mtie alama kila mahali inapotajwa.

Binti Mrima
Kuhusu wanahisabati, tengenezeni ukurasa mmoja wa ukoo kabla hamjafika huko, maana watu hao ni wa kweli na undugu wao ni wa kweli. George Boole, yule wa aljebra ya ndiyo na hapana inayotumika kwenye kompyuta, alikuwa na mabinti watano. Mary Ellen aliolewa na Charles Howard Hinton, aliyeandika kuhusu kipimo cha nne na kulipa jina umbo la teserakti, yaani mchemraba wa vipimo vinne. Ethel aliandika The Gadfly na kuolewa na Wilfrid Voynich, muuza vitabu aliyeupata mwaka 1912 ule muswada usiosomeka ambao leo uko Chuo Kikuu cha Yale. Ongezeni Nicolae Vaschide, mwanasaikolojia Mromania aliyechunguza ndoto huko Paris na kufariki 1907. Cărtărescu anachukua watu hawa wa kweli na kuwaongezea mambo ya kubuni, na mshono hauonekani. Jina na mwaka vikague, yaliyobaki yaacheni yawe riwaya.

Kwa nini kipimo cha nne? Kwa sababu msimulizi anatafuta njia ya kutoka. Mchoro juu ya karatasi hauwezi kuvuka mstari ulioizunguka, lakini kiumbe wa vipimo vitatu anauinua tu. Yeye anauliza nani atatuinua sisi. Kila kitu kitabuni, tangu ndoto hadi waandamanaji wanaobeba mabango dhidi ya kifo, kinarudi kwenye swali hilo. Hata sehemu ya utitiri wa upele, ambayo wengine huikimbia kwa kinyaa, ni swali lile lile likigeuzwa: sisi tukishuka kwa wadogo kuliko sisi, watatuelewa?

Na mtakuta mahali neno moja la kuomba msaada linajaza kurasa kadhaa mfululizo. Sio kosa la kiwanda, msirudishe kitabu dukani. Wenye simu wasome sehemu hiyo kwenye nakala ya karatasi ya mwenzao, kwa sababu kwenye skrini ndogo jicho linapita tu bila kuhisi uzito wake.

Msomaji wa Jioni
Dada, asante mno. Mtu mmoja kikundini anauliza kama ni kweli ameandika kuhusu Ethiopia. Tukimaliza tuendelee na hicho?

Mwalimu wa Fasihi
Ni kweli. Kinaitwa Theodoros, mchapishaji Humanitas wa Bucharest, 2022, na Kifaransa chake cha Laure Hinckel kilitoka 2024. Msingi wake ni barua ya Ion Ghica, mwandishi na mwanasiasa wa karne ya 19, kwa mshairi Vasile Alecsandri, akidhani kwamba mtumishi mmoja wa Wallachia (kusini mwa Romania ya leo) ndiye aliyekuja kuwa Tewodros wa Pili, mfalme wa Ethiopia. Kihistoria haina mashiko: Tewodros alizaliwa Kassa Hailu, akatawazwa 1855, na akajiua Magdala tarehe 13 Aprili 1868 jeshi la Robert Napier lilipovamia ngome. Cărtărescu anajua hivyo. Anachukua dhana ile potofu na kuijengea maisha mazima: mtoto wa mtumishi, maharamia wa visiwa vya Ugiriki, kisha kiti cha enzi, huku Kebra Nagast, kitabu cha kale cha Waethiopia kuhusu wafalme wao, na habari za Malkia wa Sheba zikisukwa ndani. Mhusika anasimuliwa kwa nafsi ya pili, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki nashauri tahadhari moja: someni kwanza kurasa chache za historia ya Tewodros halisi, mageuzi yake, barua yake kwa Malkia Victoria isiyojibiwa, na mali za Magdala zilizochukuliwa hadi London. Bila hivyo Ethiopia ya riwaya itachukua nafasi ya ile ya kweli vichwani mwenu, na hilo si haki kwa Waethiopia. Mkishajua, kisomeni kwa raha, kwani kina visa vingi na kinakwenda kasi kuliko Solenoid.

Wa Buyenzi
Jambo dogo la vitendo. Mkitafuta mtandaoni andikeni Cartarescu bila alama, maduka mengi yanakubali. Kwenye karatasi zenu za mjadala wekeni ă zote mbili, na ș ya Ștefan iwe na koma chini yake, si mkia wa ç. Kwenye simu ongezeni kibodi ya Kiromania, herufi zote zitakuja. Matamshi ni Kar-ta-RES-ku, mkazo kwenye res, na hizo ă ni fupi, mdomo karibu umefungwa.

Kalamu ya Mvule
Na kwa kikao cha kwanza cha Solenoid, kila mtu aje na sentensi moja aliyoisoma kwa sauti mara mbili nyumbani. Anaandika kwa mkono kwenye madaftari, bila mpango na karibu bila kufuta, kwa hiyo pumzi ya sentensi ndiyo mpango wenyewe. Kikao cha pili ndipo mlete ile karatasi ya safu mbili.