Koleusi zangu za mche mmoja zimekuwa rangi mbili tofauti: nikate maua au nihamishe vyungu?

Majani_Kwanza
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa mliolea koleusi, ule mmea wa mapambo wenye majani ya rangi, kwa muda mrefu.

Nilianza na mche mmoja wenye majani ya rangi ya damu ya mzee katikati na kingo za kijani kama ndimu changa. Niliupenda mno, nikakata vipandikizi sita. Vitatu nikavipanda kwenye vyungu sebuleni, kama mita tatu kutoka dirishani. Vitatu nikavipeleka bustanini, kando ya ukuta unaopigwa na jua tangu saa sita mpaka jioni. Sasa ni miezi miwili, na ukiziweka pamoja utaapa kwamba si za mama mmoja.

Za sebuleni zimerefuka tu, pingili zimeachana, majani ni madogo, na ile damu ya mzee imebaki mstari mwembamba katikati. Kwingine kote ni kijani. Za bustanini zimejaa vizuri, lakini majani ya juu yamepauka, kingo zimekauka, na ikifika saa nane mchana zinanywea kabisa hata kama nilimwagilia asubuhi. Nikiziona hivyo huzimwagilia tena. Zote naziwekea mbolea ya maji kila wiki, ile ya kukuza majani.

Halafu zote zimeanza kutoa vishada vya maua ya zambarau. Nimeambiwa nivikate, lakini moyo unasita. Mmea umehangaika mpaka ukatoa ua, kisha mimi niuendee na mkasi?

Chipukizi07
Za ndani zinaoza mizizi taratibu, ndiyo maana zimedhoofika. Zing'oe, weka kokoto chini ya chungu maji yapate pa kushukia, kisha panda upya.

Mzee_wa_Vyungu
Majani_Kwanza, using'oe kitu. Umetueleza jambo zuri bila kukusudia: vipandikizi vya mche mmoja ni mmea uleule, havitofautiani kama miche ya mbegu. Kwa hiyo tofauti yote unayoiona imetoka mahali ulipoviweka, na kubwa kuliko yote ni mwanga.

Wekundu wa koleusi unatokana na rangi iitwayo anthosayanini, na mmea huitengeneza kwa wingi unapopata mwanga wa kutosha. Mita tatu kutoka dirishani, chumba kinaweza kuonekana cheupe kwa macho yetu na bado kikawa giza kwa mmea. Hapo wekundu hupungua, umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, hutawala, na bua hurefuka likitafuta mwanga. Nawe unaongeza mbolea ya majani kila wiki, yenye naitrojeni nyingi, ambayo inazidi kuusukuma kwenye kijani na kwenye urefu. Huo urefu si afya.

Bustanini ni upande wa pili wa mambo. Jua la mchana likiwa kali mno kwa aina hiyo, rangi huungua ikapauka, na kingo hukauka kwanza kwa sababu ndizo maji yanazifikia mwisho. Zipo aina zilizozalishwa zistahimili jua la kutwa, lakini yako imeshakujibu kwamba si mojawapo. Inataka jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia adhuhuri.

Kuhusu kunywea, tafadhali acha kumwagilia kwa kutazama majani. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukiukuta una unyevu, ondoka. Joto la saa nane linayanyang'anya majani maji haraka kuliko mizizi inavyopandisha. Jua likipungua yatasimama yenyewe. Ukikuta pakavu, mwagilia pale pale, chini kwenye shina. Nimeona koleusi nyingi zikifa kwa huruma ya maji ya mchana: udongo unabaki chepechepe, mizizi inaoza, kisha majani yananywea kwa sababu ya kuoza huko, na mwenyewe anaongeza maji.

BintiBustani
Naunga mkono. Chipukizi07, samahani, kwenye kokoto sikubaliani nawe, ingawa wengi tumefundishwa hivyo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ule ukanda wa chepechepe hauondoki, unapanda juu karibu zaidi na mizizi. Chungu kiwe na matundu wazi, udongo uwe mwepesi wenye mboji, na maji yaliyokusanyika kwenye kisahani yamwagwe.

Chipukizi07
Nimekuelewa, dada. Nimekuwa nikifanya hivyo miaka yote. Nitajaribu chungu kimoja bila kokoto.

Pingili_Nne
Turudi kwenye mkasi, maana hapo ndipo moyo wa mwenzetu uliposita.

Shika bua la koleusi ulizungushe kwa vidole. Lina pembe nne, kama la mrehani. Ni jamaa moja, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1763 aliuweka kabisa katika kundi la mrehani. Tangu hapo umebadilishiwa jina mara kadhaa, ndiyo maana vibao vingine vya miche vinasema Solenostemon, vingine Plectranthus; mwaka 2019 wataalamu waliurudisha kuwa Coleus. Ukijua ni ndugu wa mrehani, utajua na tabia yake: ukiuacha uchanue na kuzaa mbegu, nguvu huenda huko, majani mapya yanakuja madogo na bua linakuwa gumu kama kijiti. Ukikata ncha juu kidogo ya jozi ya majani, chini yake hutoka matawi mawili. Usione kwamba unauadhibu. Kwangu hayo ndiyo malezi yenyewe.

Na zile ndefu za sebuleni usizikate kwa hofu. Kata ncha za sentimita 8 hadi 10 chini ya pingili, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Usisubiri iwe kichaka humo. Ikifika sentimita chache, hamishia kwenye udongo.

Nyuki_Rafiki
Mimi naomba kibakizwe kishada kimoja. Nyuki wanayapenda maua hayo, na kwenye bustani yenye majani matupu hicho ndicho wanachopata.

Pingili_Nne
Ombi zuri. Abakize mche mmoja wa bustanini uchanue, mingine ikatwe. Ila mbegu zake asizitegemee kutoa rangi ileile; kwa rangi anayoipenda, kipandikizi tu.

BintiBustani
Nyongeza fupi: kagua makwapa ya majani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, ni wadudu wanaofyonza utomvu. Wafute kwa pamba iliyoloa spiriti, rudia baada ya siku chache. Na mbolea punguza: nusu ya kipimo, kila wiki tatu hivi, tena kwa za vyungu. Za ardhini zikipata mboji zinatosheka.

Majani_Kwanza
Wakuu, narudi baada ya wiki nne. Vyungu nilivisogeza hatua moja kutoka dirisha la upande wa mashariki. Majani ya zamani hayakubadilika sana, lakini yote yaliyochipuka baada ya hapo yana damu ya mzee imetanda hadi karibu na ukingo. Nilikaa nikiyatazama asubuhi nzima. Kila ncha niliyokata imetoa matawi mawili, na vipandikizi vilivyokuwa kwenye glasi mbili nimeshavipanda. Za bustanini nilizihamisha jioni, nikazipa nafasi ya sentimita 40, ukuta sasa unazikinga mchana. Siku tatu za mwanzo zililala, kisha zikasimama. Mmoja umechanua na nyuki wapo.

Swali la mwisho: usiku umeanza kuwa na baridi. Nizifunike?

Mzee_wa_Vyungu
Kufunika kutasaidia usiku mmoja au miwili. Zikianza kukaa chini ya nyuzi 10 majani yatasinyaa na kudondoka, na baridi ya kugandisha itaziua. Kata vipandikizi vyako wiki hii, mche ungali na nguvu, uviweke kwenye lile dirisha la mashariki. Anza na ule unaochanua. Ndio umezeeka bua kuliko wote, chukua matawi yake ya pembeni ambayo hayajatoa ua.